Sabini na Nne ya Maadili

Jumatatu, 16 Juni

Nesi wa zahanati amenipima presha, akaguna. "Madamu Coring, ukiudhika usigombane na mtu. Andika." Haya, naandika. Daftari lina kurasa themanini, na kwa jinsi siku ya kwanza ya muhula ilivyokwenda, halifiki Septemba.

Mwalimu Mkuu, Bwana Ocenar, ametuketisha saa mbili nzima kutuambia kwamba Sekondari ya Hinapolan, shule iliyozungukwa na majaruba ya mpunga pande zote, sasa ni shule ya kiwango cha dunia. Wakaguzi wa mkoa watakuja tarehe 22 Agosti kutupa beji. Kwa hiyo somo la Maadili, ambalo huu ni mwaka wangu wa ishirini na saba kulifundisha, limekatwa kutoka vipindi vinne kwa wiki hadi kimoja. Vitatu vimepewa "matamshi". Watoto watafundishwa kusemea puani kama Wamarekani ili siku moja wapate kazi ya kupokea simu za Wamarekani. Getini limetundikwa bango: HAPA KIINGEREZA TU. Mlinzi wetu hajui Kiingereza, lakini ameambiwa alilinde.

Elmer Lagado, mwalimu wa sayansi, akaninong'oneza, "Madamu, shukuru. Pua ni mali ya mtu mwenyewe, haihitaji bajeti." Sikucheka. Yeye mwenyewe ana karatasi za kwenda kufundisha Arizona, anasubiri tu barua ya ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Watu wa namna hii ndio wanaowafundisha watoto wetu kuipenda nchi! Wamekwisha funga sanduku.

Ningesimama nikasema. Sikusimama. Miaka tisa nilikuwa mwalimu wa kuziba pengo, bila ajira ya kudumu, na aliyelibeba faili langu kwa mkono wake hadi ofisi za mkoa, Tacloban, ni huyu huyu Ocenar, mwaka ambao mume wangu Ponso alifariki. Kwetu fadhila kama hiyo haiishi. Unazikwa nayo, na wanao wanaipokea.

Jumanne, 17 Juni

Mvua. Matamshi. Mvua.

Jumatano, 25 Juni

Leo tumeonyeshwa nyumba. Wakaguzi watachezewa ngoma ya bayanihan, yaani kusaidiana, kama ilivyo ukurasa wa 47 wa kitabu cha Maadili: picha ya wanaume ishirini wamebeba nyumba ya jirani mabegani, wote wanatabasamu, hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Nyumba ya ngoma imetengenezwa kwa maboksi meupe ya kuwekea samaki barafu. Mtoto mmoja anaweza kuiinua kwa kidole. Inanuka dagaa.

Nina miaka hamsini na minne na sijawahi kuona nyumba ikibebwa hapa Hinapolan. Nyumba zetu ni za matofali. Tulicho nacho ni tiklos. Msimu wa kupandikiza mpunga, ngoma inapigwa alfajiri, kila kaya inatoa mtu mmoja, mnapanda shamba la huyu leo, la yule kesho, mpaka zamu iishe. Mwenye zamu anawalisha wote. Usipotoa mtu, zamu yako ikifika utapanda peke yako na mgongo wako. Hilo halimo kitabuni. Mwandishi wa kitabu anaishi Manila.

Aliyechaguliwa kuongoza ngoma na kukariri maana ya neno kwa Kiingereza ni Rhealyn Daguman wa darasa la kumi. Hakuna aliyeshangaa. Ndiye wa kwanza tangu alipokuja hapa. Mama yake anatumikia nyumba za watu Riyadh, baba hajulikani aliko, anaishi na bibi yake, Bibi Sabel, mwenye jaruba moja na nusu na goti bovu. Kuna nafasi moja tu ya ufadhili wa masomo ambayo shule inaruhusiwa kupendekeza kila mwaka, na wote tunajua ni yake. Anataka kusomea kilimo. Nilimwuliza kwa nini si unesi kama wenzake. Akasema, "Madamu, manesi wote wanaondoka. Mpunga hauondoki."

Sharti la ufadhili: asiwe na somo hata moja chini ya tisini robo hii ya kwanza. Fomu inafungwa tarehe 29 Agosti.

Jumatano, 2 Julai

Ngoma ya tiklos imeanza kulia. Nusu ya darasa wanasinzia, matope hadi magotini. Nawapenda wakiwa hivyo.

Jumanne, 8 Julai

Kaka Tinong ameanguka kutoka juu ya mnazi akigema tembo. Mguu umevunjika mahali pawili. Miche yake iko kitaluni, imeshapitisha siku zake, ikikaa wiki nyingine ni nyasi tu. Watu wa tiklos wamekutana jana wakasema zamu ya Kaka Tinong ije mbele, wote waingie leo, asikosekane mtu.

Rhealyn alinisubiri mlangoni kwangu asubuhi. Akauchukua mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake, salamu yetu ya heshima kwa mkubwa, kisha akasema, "Madamu, leo kuna mazoezi ya ngoma. Lakini goti la Bibi haliwezi. Mtu wa kaya yetu ni mimi."

"Nenda," nikamwambia. "Mwalimu Mkuu nitamwambia mimi."

"Kweli, Madamu?"

"Nimesema nenda. Mpunga haujui mazoezi."

Nilimkuta Ocenar ofisini na watu wa kuuza vipaza sauti. Nikasema nitarudi. Nikarudi, akawa anacheka na simu. Kumwingilia mtu katika kicheko chake, tena mtu uliye na fadhila yake, si adabu. Saa tisa akaenda mwenyewe uwanjani kutazama ngoma, na kiongozi wa ngoma hayupo. Nami bado nilikuwa natafuta wakati mzuri.

Jumatano, 9 Julai

Ngoja niandike kabla sijavunja kitu.

Ameniita ofisini pamoja na Elmer, kwa kuwa Elmer ndiye mwalimu wa darasa la Rhealyn. Mezani palikuwa na karatasi ya alama.

"Mtoto ametoroka," akasema Ocenar. "Siku arobaini na tano kabla ya wakaguzi. Kiongozi wa ngoma! Amekwenda kukanyaga matope."

"Bwana Mkuu, alikwenda kwenye tiklos. Kaka Tinong amevunjika..."

"Coring. Duniani hakuna anayeuliza kuhusu Tinong. Huko mtoto anakokwenda watamwuliza kama anafika kazini kwa wakati. Hilo ndilo somo la maadili la leo. Utampa sabini na nne."

Sabini na nne ni kufeli. Sabini na tano ndiyo pasi. Amechagua alama kama mtu anayechagua mahali pa kupigia msumari.

"Na ufadhili?"

"Yupo yule kijana Jhunmar. Anatamka vizuri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno manane: ruhusa nilimpa mimi, kosa ni langu, si lake. Naye akaegemea kiti, akasema kwa upole, upole kabisa, "Coring, miaka yote hii nimewahi kukuomba kitu?"

Hajawahi. Shetani huyu hajawahi kuniomba kitu. Alikuwa anaitunza fadhila yake.

Nikaandika 74. Nikatia sahihi. Elmer akatia yake bila kusoma, macho dirishani, kwa sababu barua yake ya Arizona iko kwenye droo ya meza ile ile. Tulipotoka nikamwambia, "Huna aibu." Akajibu, "Tuko wawili, Madamu."

Nimemfelisha mtoto katika somo la Maadili kwa sababu ametenda ukurasa wa 47. Isome tena hiyo, wewe Coring, Consorcia Badiango. Umeiandika kwa wino.

Alhamisi, 10 Julai

Sikula.

Jumanne, 15 Julai

Rhealyn ameonyeshwa alama. Nilijiandaa kwa machozi, kwa matusi hata. Angalau angeuliza! Aliitazama karatasi, akauchukua mkono wangu ule ule ulioandika, akaugusisha kwenye paji lake, akasema, "Sawa, Madamu." Hakumwambia mtu kwamba nilimruhusu. Wanafunzi wenzake wanasema alitoroka, naye amenyamaza.

Ni mimi niliyemfundisha kunyamaza hivyo. Miaka ishirini na saba: usimwaibishe mkubwa wako mbele za watu. Wanafunzi wangu wananielewa vizuri mno.

Jumanne, 22 Julai

Ngoma sasa inaongozwa na Jhunmar. Siku ya tatu mfululizo ya mvua. Nyumba ya maboksi imepakwa rangi ya kahawia ifanane na majani makavu ya kuezekea.

Ijumaa, 25 Julai

Dhoruba imeingia saa kumi alfajiri. Upande wa jikoni mabati yameruka yote. Nimekaa chumbani chini ya meza na daftari hili ndani ya mfuko wa plastiki. Kitanda cha Ponso kimelowa.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikuwa nachota maji jikoni kwangu kwa bakuli niliposikia ngoma. Nikadhani wanakwenda shamba. Wakaingia kwangu.

Watu kumi na wanane. Wameokota mabati yangu kwenye majaruba, mengine nusu kilomita huko. Kaka Tinong amekuja kwa magongo, akaketi juu ya ndoo akawa bwana mkubwa. "Wee! Msumari haubembelezwi, upige! Madamu, paa lako lina haraka, limetaka kufika Arizona kabla ya Mwalimu Elmer!"

Elmer naye alikuwapo, juu ya ngazi, na nyundo yake mwenyewe. "Bati lenyewe halikuomba ruhusa, ndiyo maana limefika mbali," akasema. Watu wakacheka. Nilijikuta nami nacheka, kisha nikamwona Rhealyn kwenye boriti, misumari mdomoni.

"Shuka," nikamwambia. "Wewe shuka. Wewe usingekuja."

Akatoa misumari mdomoni. "Kwa nini, Madamu? Mtu wa kaya yetu ni mimi."

Mwenye zamu huwalisha watu. Nikapika wali wote uliokuwamo ndani, na samaki wakavu, na mihogo. Bibi Sabel akaketi karibu na jiko, goti amelinyoosha, akinisaidia kumenya. Kisu chake hakikusimama hata kidogo aliponiuliza, "Madamu, wewe ndiwe mwalimu wa somo lenyewe. Mjukuu wangu amekosa nini katika Maadili? Nimemwuliza, hasemi."

Nikasema moshi unaniumiza macho. Nikatoka nje.

Saa nane paa lilikuwa limekwisha. Halivuji. Nimelala chini yake nikilisikiliza, na kila tone linaniuliza swali la yule bibi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Ocenar peke yangu. Nimemwambia yote: ruhusa nilimpa mimi, nibadilishe alama. Amenisikiliza hadi mwisho, nikadhani Mungu yupo.

"Kwa hiyo uliniacha nisimame uwanjani kama mjinga mbele ya wauza spika," akasema. "Na sasa unataka niwaandikie mkoa kwamba shule yangu inabadilisha alama. Baada ya wageni, Coring. Tutaona."

"Fomu inafungwa tarehe 29."

"Tutaona."

Kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa shati safi. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza nimehisi ladha yake.

Jumanne, 12 Agosti

Mwezi wa Lugha ya Taifa. Tumeuadhimisha kwa hotuba ya Kiingereza.

Ijumaa, 22 Agosti

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao mama mmoja mfupi, Bi. Abrenica, viatu vya mpira, mwavuli kwapani. Watoto wamevaa kofia za majani, pekupeku, wameoshwa miguu hadi inang'aa. Nyumba ikaingia uwanjani mabegani mwa wavulana kumi na wawili, wanajikunja kama wanaoelemewa, wanaguna kwa pamoja. Upepo ukavuma kidogo, nyumba ikataka kuruka, wakaishika kwa juu isiende. Mama wa watu akatazama tu.

Jhunmar akakariri. Puani, vizuri, kama kasuku wa bei mbaya: moyo wa kusaidiana bila kutarajia malipo, na kadhalika. Makofi. Kisha Bi. Abrenica akamwuliza kitu kwa lugha yetu, hapo hapo chini ya bango la HAPA KIINGEREZA TU.

"Vizuri, mwanangu. Na wewe umewahi kufanya hiyo bayanihan?"

Jhunmar akamtazama Mwalimu Mkuu. Kisha akatazama miguu yake.

"Hapana, Mama. Mimi nina mazoezi. Aliyefanya ni Rhealyn. Alimpandia Kaka Tinong mpunga."

"Rhealyn yuko wapi?"

"Nyuma kule. Alipewa sabini na nne."

"Katika somo gani?"

"Maadili, Mama."

Kuna mtu alicheka kwa hofu. Ocenar akatabasamu meno yote. "Mtoto amechanganya mambo. Madamu Coring ndiye mwalimu wa somo, ataeleza." Akanigeukia. Nilijua ananiomba nini. Mtu mzima hulainisha mambo. Unasema, ah, ni mradi tu, ni alama za muda, wageni karibuni chakula, na kila mtu anabaki na uso wake. Nimewalainishia watu mambo tangu nikiwa msichana. Ningeweza kufanya hivyo nikiwa usingizini.

Nikasimama.

"Mtoto hajachanganya," nikasema. "Aliomba ruhusa kwangu nikampa. Nikaahidi kumwambia Mwalimu Mkuu, nikaogopa. Nikaambiwa niandike sabini na nne, nikaandika. Kwa mkono huu. Shule hii inafundisha bayanihan kwa maboksi ya samaki, na anayeifanya kwa matope tunamfelisha. Mkitupa beji, tundikeni na karatasi yake ya alama pembeni."

Bi. Abrenica akaandika kitu. Huko nyuma nikamwona Rhealyn, uso ameuficha kwa mikono miwili. Sikujua kama ni shukrani au nimemwaibisha. Mpaka sasa sijui.

Jumatatu, 25 Agosti

Barua ya Ocenar: nieleze kwa maandishi ndani ya saa sabini na mbili kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuifedhehesha shule mbele ya wageni. Chini, kwa kalamu yake, ameongeza: "Baada ya yote niliyokutendea."

Asante ya punda ni mateke, ndivyo anavyoniona. Haya, punda ni mimi. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza punda alibebeshwa nini.

Jumatano, 27 Agosti

Alama inaweza kubadilishwa bila Mwalimu Mkuu, iko kwenye kanuni, nimeisoma usiku kucha: mwalimu wa somo na mwalimu wa darasa wakitia sahihi wote wawili, na sababu ikaelezwa. Sahihi yangu ninayo. Iliyobaki ni ya Elmer, na barua ya Elmer bado iko kwenye droo ya Ocenar.

Sikumwomba. Nilikuwa na hasira naye bado, na aibu juu ya hasira. Niliiweka karatasi juu ya meza yangu tu. Akapita, akasimama, safari hii akaisoma. Neno kwa neno, mdomo unacheza kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Tisini na saba?" akasema.

"Ndiyo alama yake halisi. Ningempa mia, lakini mwandiko wake mbaya."

"Madamu, unajua nikitia sahihi hapa, Arizona..."

"Najua. Usitie. Sikukuomba."

"Ndiyo ubaya wako. Huombi, unamkodolea mtu macho." Akatoa kalamu. "Mke wangu ataniua," akasema, akasaini. Kisha akakaa juu ya dawati, akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia ubao, akabaki na chaki usoni hadi kengele.

Nilisema watu wa namna hii wamekwisha funga sanduku. Nimerudi ukurasa wa kwanza nikaikata sentensi hiyo.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepeleka fomu ya Rhealyn Tacloban kwa mkono wangu; pendekezo nalo, kwa kanuni hiyo hiyo, hutiwa sahihi na mwalimu wa darasa. Wameigonga mhuri saa tisa na dakika arobaini. Majibu ni Oktoba. Nilipokuwa huko, Ocenar ameacha barua mezani kwangu: kuanzia tarehe 15 Septemba nitafundisha shule ya mlimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabarani. Barua ya Elmer haijatiwa sahihi. Beji tumepata.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda kwa Bibi Sabel baada ya misa. Mpunga umeshika, kijani tupu hadi barabarani, hata wa Kaka Tinong. Rhealyn alikuwa ziwani anafua. Bibi alikuwa anachagua choroko barazani.

Nilikuwa nimeandaa maneno, sikuyatumia. Nikasema, "Bibi, uliniuliza mjukuu wako amekosa nini. Hakukosa. Ruhusa nilimpa mimi. Niliyemwandikia kufeli ni mimi, kwa sababu ya woga."

Akaendelea kuchagua choroko.

"Najua," akasema.

"Rhealyn amekwambia? Leo?"

"Rhealyn hasemi. Lakini siku ile ya mpunga wa Tinong alipoingia jarubani tulimwuliza, mbona si shule, akasema Madamu Coring kanipa ruhusa. Watu wote walisikia. Alama zilipotoka, kila mtu akajua mwenyewe."

Nikahesabu siku kichwani. Alama, tarehe 15. Dhoruba, tarehe 25.

"Mlijua," nikasema. "Wote. Siku mnaezeka paa langu, mlijua?"

"Tulijua."

"Na wewe ukaniuliza makusudi!"

"Nilitaka kukupa nafasi. Ukasema moshi."

Nikamkasirikia, naapa. Nikapiga kelele barazani kwa watu, mwanamke mzima. "Kwa nini mlikuja sasa? Mngeniacha nilowe! Ningestahili!"

Bibi Sabel akanitazama kwa mara ya kwanza, kama anavyomtazama mtoto aliyeuliza mambo ya wazi.

"Kulikuwa na mvua, Madamu," akasema, akanisogezea ungo upande wangu nimsaidie kuchagua.